Kokoto za Febronia

Mwaka wa themanini na tatu, kwenye machimbo madogo ya upande wa Kharumwa, mchimbaji mgeni alijulikana kwa namna alivyokula biskuti ya Febronia. Mgeni aliiuma kavukavu, akashika taya, kisha akageuka kuangalia ni nani anamcheka. Mwenyeji aliichovya kwanza kwenye chai ya rangi, akangoja kidogo, ndipo akala. Wenyewe waliziita kokoto. "Mayu, lete kokoto nne," walikuwa wakisema, wakimwita mama kwa Kisukuma, na Febronia alishaacha kukasirika zamani. Hasira inakula nguvu, na nguvu alizobakiwa nazo zilikuwa na kazi nyingine.

Alikuwa na miaka arobaini na saba, magoti ya bibi wa sabini. Akitaka kusimama alishika kwanza kitu, na kama hakuna cha kushika alisimama hivyohivyo akitukana kimoyomoyo.

Biskuti zenyewe hazikuwa na maajabu. Unga wa mtama uliochanganywa na wa muhogo, samli kidogo, asali ya porini, maziwa ya mgando na magadi yaliyotwangwa. Mayai hayakuwamo, yai aliliweka liatamiwe au libadilishwe na chumvi. Sukari, mwaka huo, watu waliisikia kwa jina tu, na unga wa ngano ulikuwa umesahaulika hata kwa jina. Febronia alikanda donge gumu, akalisukuma kwa chupa, akalikata kwa kopo tupu la maziwa, na vile vipande vilivyobaki pembeni akavikusanya na kuvikanda tena mpaka kisibaki hata cha kumpa kuku. Bakuli alilipangusa kwa kidole kilicholowa maji, na kile kidole hakukilamba. Alikipangusia kwenye biskuti ya mwisho. Biskuti yake ilikaa mwezi mzima bila kuoza. Ilishuka shimoni mfukoni mwa mtu, ikalowa jasho, ikapanda tena nzima. Kwa mchimbaji hiyo ilitosha.

Alifundishwa akiwa msichana, mwanzoni mwa miaka ya sitini, alipofanya kazi ya jikoni kwa nesi mmoja wa Kimarekani kwenye misheni, mkoani Shinyanga. Mama Ruti, ndivyo walivyomwita, alizaliwa kwa watu waitwao Waamishi. Alivaa gauni refu lisilo na kifungo hata kimoja, limeshikwa kwa pini, na kichwani kofia nyeupe nyepesi kama utando wa maziwa. Siku moja alimsimulia Febronia kwamba kwao watu hawatumii umeme, hawana magari, wanalima kwa farasi.

"Serikali imewakataza?" Febronia aliuliza.

"Hapana. Wamejikataza wenyewe."

"Na pesa za kununua gari wanazo?"

"Wengine wanazo."

Febronia alicheka mpaka akaweka chini ungo. Baadaye jioni, akiwaza, aliona jambo lile halichekeshi sana. Watu wa Mama Ruti walichagua maisha ambayo yeye alizaliwa ameshikishwa. Basi yawezekana kulikuwa na akili ndani yake. Akaanza kumtazama yule mzungu mikono: alivyopima kwa kiganja, alivyopanga kuni, alivyooka biskuti tanuri likiwa kali, kisha viazi likianza kupoa, kisha akaanika mbegu humo likiwa vuguvugu. Moto mmoja, kazi tatu. Mama Ruti aliporudi kwao, Febronia aliondoka na kopo la kukatia na ile desturi. Kingine hakupewa, na hakuomba.

Tangu hapo aliwahi kuwa na matanuri mawili kabla ya hili la machimboni. La kwanza lilikuwa la tofali, alilijenga Ushirombo alikoolewa na Clemens. Kaya zilipohamishiwa kijiji kipya mwaka wa sabini na nne, tofali hazikupanda lori. La pili lilikuwa pipa, akaliacha kwa dhiki alipomfuata Clemens machimboni. Clemens akafukiwa na duara, ndilo jina la shimo la dhahabu huko, mwaka wa sabini na tisa. Binti yao, Justina, aliolewa Chato, akazaa, akawa anatuma salamu. Febronia hakuwa na pa kurudi ambapo hapangemtaka aanze upya, akabaki.

Tanuri la tatu alilichimba mwaka wa themanini na moja, ndani ya kichuguu. Kilikuwa kichuguu kikubwa kupita kibanda chake, kigumu kama saruji, mchwa wamekihama. Alipiga magoti mbele yake wiki tatu, na sururu iliyokatwa mpini, akichokoa tundu la mviringo mpaka mkono mzima ukaingia na bega lake. Akalisiliba kwa udongo na kinyesi cha ng'ombe. Akalikausha kwa moto mdogo siku tisa. Magoti aliyaacha pale. Na vichuguu vingine vya karibu vilikuwa vimeshavunjwa kufyatulia tofali, au bado vina mchwa wenye hasira. Kwa hiyo alijua, bila kuambiwa na mtu, kwamba hilo ndilo la mwisho. Likiondoka, atakwenda Chato kukaa kwenye kona ya nyumba ya mkwe, akichekea wajukuu na kuomba chumvi.

Kila asubuhi wachimbaji waliotoka zamu walikuja kuketi kwenye kibaraza cha kichuguu, kando ya mdomo wa tanuri, wapashe migongo moto wakingoja biskuti. Wakikaa hapo walivua mashati, wakayakung'uta. Vumbi la mawe lilipaa, likatua kwenye donge.

"Kung'uteni huko mbali!" Febronia alipiga kelele kila siku ya Mungu. "Mnataka niuze mchanga?"

"Mayu, si ni kokoto? Mchanga unaongeza ladha," Maganga alijibu, na wenzake wakaangua kicheko.

Maganga alikuwa mwenye duara, bwana wa watu kumi na wawili, mpana wa mabega, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita walio chini ya ardhi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu na ugonjwa wa pale: kila alichokitazama alikiona kimevunjwavunjwa na kuoshwa.

Msimu huo duara lake lilijaa maji. Akakaa wiki nzima bila kazi, akila kokoto na kuchora chini kwa kijiti. Siku ya nane Febronia alimwona anakwangua kibaraza cha kichuguu kwa ncha ya panga, taratibu, akijaza karai. Akadhani anataka udongo wa kuziba jiko. Maganga akabeba karai lake bwawani, na aliporudi hakumsalimia mtu, hakutania, hakudai hata chai.

Kabla ya adhuhuri akaja Mbuke, jirani yake, mwanamke aliyekuwa akiwatwangia wachimbaji mawe kwenye kinu cha chuma. Alikaa kwenye kigoda bila kukaribishwa.

"Mwangaluka, mayu," alisalimia.

"Mwangaluka. Mbona umekaa kama mtu aliyeleta msiba?"

"Maganga amepata dhahabu," Mbuke alisema. "Kwenye karai. Chengachenga, lakini zinawaka. Amesema mchwa wamezipandisha kutoka chini, na kwamba chini ya kichuguu chako kuna mwamba wenyewe. Ameenda kumwita mwenyekiti. Kesho wanakuja kuvunja."

Febronia aliendelea kuchambua mtama. Mawe huku, punje kule.

"Umenisikia lakini?"

"Nimesikia. Ulitaka nipige yowe?"

"Mimi ningepiga."

"Piga basi na wewe kwa niaba yangu, mimi sina pumzi."

Mbuke akamtazama, akasonya, akaondoka. Febronia akabaki na ungo mapajani. Hakulia. Alichoka ghafla tu, uchovu ulioanzia kwenye visigino ukapanda, na kwa muda aliwaza kwamba afadhali wavunje, yaishe, alale. Kisha akakumbuka kona ya nyumba ya mkwe. Akanyanyuka kwa kushika ukuta, akaenda kukizunguka kichuguu chake polepole, kama mtu anayekagua ng'ombe wa kununua. Alisimama mbele, pale Maganga alipokwangua. Akasimama nyuma, penye magugu, pasipofikiwa na mtu. Akarudi mbele. Alikaa kwenye kibaraza, akapitisha kiganja juu ya udongo, akakiangalia kiganja. Halafu akaenda kuloweka magadi.

Walikuja jua lilipokwisha kupanda. Maganga mbele, wanaume wawili na sururu nyuma, na katikati mwenyekiti wa kijiji, Eustace, koti limefungwa vifungo vyote ingawa jua lilishaanza kuuma.

"Shikamoo, mwenyekiti," Febronia alisema. Eustace alimzidi miaka miwili au mitatu, ila kiti kina umri wake.

"Marahaba, Mama Justina. Tumefika kwa niaba ya serikali ya kijiji. Kama ulivyokwishapata taarifa, mali iliyo chini ya ardhi ni mali ya umma, na mtu mmoja hawezi kuikalia..."

"Sijaikalia, mwenyekiti. Nimeipigia magoti. Kaeni kwanza. Donge langu limeshaumuka, likikaa litachacha. Mtavunja nikishaoka."

Maganga akacheka. "Mayu, hata siku ya kuvunjiwa unaoka?"

"Nyinyi mtavunja na njaa?"

Wakakaa, kwenye kibaraza palepale. Febronia akawasha moto tanurini. Ulipokolea akaanza kuongea akiwa amewapa mgongo, kama anaongea na kuni.

"Maganga, ulisema mchwa ndio waliopandisha?"

"Ndiyo hivyo. Mchwa anachimba kwenda chini kuliko mimi. Anapanda na udongo wa chini. Kila mchimbaji anajua."

"Basi mchwa wamejenga kichuguu chote, au wamejenga mbele tu?"

"Chote."

"Kwa hiyo dhahabu iko kote."

"Iko kote, mayu. Ndiyo maana nakuambia, tutakujengea tanuri jingine. La pipa. Zuri."

"La pipa nilishakuwa nalo." Akachochea. "Sasa sikiliza, na mwenyekiti asikie. Chota karai mbili. Moja nyuma, moja juu kileleni. Nendeni mkaoshe. Mkipata hata chenga moja, bomoeni, sitasema neno, na maji ya kunywa nitawapa. Mkikosa, kichuguu hiki ni changu na kiwanja chake pia, mpaka kwenye minyaa ile, pamoja na kila kilicho juu yake. Na asinijie mtu tena na sururu mpaka nife."

Maganga alitazama wenzake. Alikuwa ameziona zile chenga kwa macho yake. Zilikuwa mfukoni, ndani ya kipande cha nailoni. Mtu aliyekwisha kuona haombwi kusadiki.

"Mayu, unajiuza bure," alisema kwa huruma ya kweli. "Nakubali. Mwenyekiti, umesikia?"

"Nimesikia na nimeshuhudia," Eustace alisema, akatoa kitambaa kujifuta shingo. Aliona jambo limekwenda bila kelele, na hivyo ndivyo alivyopenda mambo yaende.

Wakachota nyuma, penye magugu. Mmoja akapanda juu, akachota kileleni. Wakaenda bwawani, hatua kama mia mbili hivi, nyuma ya minyaa, na mwenyekiti akawafuata ili aone.

Febronia akabaki na moto wake. Kuta za tanuri zilipobadilika kutoka weusi kuwa weupe, alikokoa makaa yote nje. Akaingiza mkono, akaanza Salamu Maria. Mama Ruti alipima kwa Baba Yetu moja. Febronia, Mkatoliki, alipima kwa Salamu Maria tatu. Mkono ukihimili tatu, moto uko sawa. Ukishindwa ya pili, ngoja. Siku hiyo alipoutoa mkono hakukumbuka kama alifika ya tatu au ya pili. Akaingiza mabati hivyohivyo, akaziba mdomo kwa jiwe na tope.

Kutoka bwawani ilisikika sauti ya maji kwenye karai, swaa, swaa, swaa. Akasikiliza. Hoja yake ilikuwa nyembamba, na aliijua wembamba wake. Yawezekana mchwa walikuwa wamepandisha kweli. Yawezekana alikuwa amefanya biashara ya kipumbavu kuliko zote tangu azaliwe, mbele ya shahidi. Maji yakanyamaza. Yakaanza tena, hiyo ni karai ya pili. Mtu akakohoa. Kisha kimya kirefu, kimya cha watu walioinamisha vichwa juu ya kitu kidogo sana.

Harufu ndiyo iliyomshtua. Katika miaka ishirini hakuwahi kuunguza bati hata moja, na sasa moshi mweusi ulikuwa unapenya kwenye tope. Akavunja tope kwa mikono, akatoa mabati. Biskuti arobaini, nyeusi kama makaa. Akaziangalia. Hapo ndipo machozi yalipomlenga, kwa sababu ya samli.

Maganga akarudi amebeba karai tupu ubavuni, wenzake na mwenyekiti nyuma yake.

"Hakuna," alisema.

"Nyuma?"

"Hakuna. Juu hakuna. Nimeosha mara mbili." Aliliweka karai chini, akakaa kwenye kibaraza, akavua shati lake la kazi, na kwa mazoea akalikung'uta.

Vumbi likapaa, likang'aa kidogo kwenye jua, likatua kwenye kibaraza.

Maganga akaliona. Akabaki na shati mkononi. Aliangalia kibaraza, akaangalia shati, akaangalia wale wenzake wawili, ambao nao walikuwa wameshika mashati yao tayari kuyakung'uta. Miaka miwili, kila asubuhi, watu ishirini, thelathini, wametoka shimoni na unga wa mawe ya dhahabu kwenye nguo, wamekaa hapo hapo.

"Yesu na Maria," alisema taratibu. "Ni yetu."

"Ilikuwa yenu," Febronia alisema. "Kiwanja mpaka kwenye minyaa. Na kila kilicho juu yake."

Mmoja wa wenye sururu akaanza kucheka, akajizuia, akashindwa. Mwenyekiti akageuka pembeni, mabega yakitikisika ndani ya koti.

"Ulijua!" Maganga alisema. "Mama wewe, ulijua tangu mwanzo!"

"Ningejua nisingeunguza mabati mawili. Nilidhani tu."

"Umenila, mayu."

"Umejila mwenyewe. Nimekuambia miaka miwili: kung'uteni huko mbali. Ulinijibu nini?"

Maganga akalikunja shati lake. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayejaribu mlango alioona unafungwa, kama angalau wangegawana. Febronia akamwambia wangegawana kama angekuja na karai tu. Alipoleta mwenyekiti na sururu, mambo yakawa ya kiserikali. Eustace akasema ni kweli, ameshuhudia, na akauliza kama kuna chai.

Chai haikuwapo. Lakini Febronia hakutupa zile biskuti zilizoungua. Alizitwanga kinuni zikawa unga mweusi, akazichemsha, akachuja kwa kitambaa, kama Mama Ruti alivyomwonyesha siku moja ambayo yeye mwenyewe Mama Ruti aliunguza. Kinywaji kikatoka cheusi, chungu, na utamu wa asali kwa mbali nyuma ya ulimi. Wakanywa wageni wote wanne. Maganga akauliza ni kahawa ya wapi.

"Ya Amerika," Febronia alisema.

Wiki ile alikwangua kibaraza na uwanja kina cha kidole kimoja, akalifagia vumbi, akalijaza kwenye madebe. Mbuke akaosha, kwa mapatano ya nusu kwa nusu. Fungu la Febronia lilikuwa dogo, kama vichwa viwili vya njiti za kiberiti, na halikuwa la kurudiwa: wachimbaji wote walishasikia, na kuanzia hapo kila mtu alikung'utia shati lake nyumbani, juu ya shuka, mlango umefungwa. Wake zao walilalamika. Donge la Febronia likawa safi kwa mara ya kwanza, na kuna waliosema halina ladha tena.

Zile chenga hakuzipeleka kwa mnunuzi. Alimwita Marselino, mpasua kuni, akapatana naye tangu jua la asubuhi mpaka la mchana, mwishowe akazibadilisha na kuni za msimu mzima, zimepasuliwa, zimeletwa, zimepangwa hadi mlangoni pa tanuri. Marselino alikwenda zake akisema hajawahi kuona mwanamke mgumu namna ile. Mbuke alinunua kitenge, akamsuta mwenzake kwa kununua kitu cha kuchoma moto.

Febronia hakumjibu. Kesho yake alichochea moto bila kwenda porini, akakanda, akaingiza mabati, akaziba mdomo. Halafu, kwa kuwa hapakuwa na mzigo wa kufuata popote, aliketi kwenye kibaraza walipokuwa wakikaa wanaume, akaegemeza mgongo. Joto la kichuguu likaingia taratibu kwenye kiuno. Alikuwa hajui kama ni zuri hivyo. Miaka miwili alikuwa akipasha migongo ya wengine.

"Mayu!" Maganga alimwita akitokea kwenye minyaa, shati limekunjwa kwapani kwa uangalifu kama mtoto mchanga. "Kokoto zimeiva?"

"Bado."

"Nije lini?"

"Kaa huko huko," Febronia alisema, macho amefumba. "Nitakuita."